Nilionja Kikanda Kule Kipushi, Nikaona Haya ya Karatasi Zangu



Wiki tatu zilizopita nilienda Kipushi, ule mji mdogo wa mgodi ulio karibu kilometa 30 kutoka Lubumbashi, pale barabara inapoishia kwenye mpaka wa Zambia. Kulikuwa siku ya kuonja vyakula vya kwetu. Wengi wenu mmekwisha kuona picha: wamama wamevaa vitambaa vya rangi moja, sahani zimepangwa, vijana wanacheka na vijiti vya meno mkononi. Picha ni nzuri, sikatai. Miye nataka kusema juu ya mambo ambayo picha haikubeba.

Lakini nitangulize jambo moja, watu wasije kusema nimeficha. Sikuwa mgeni tu. Kamati iliniomba niandike zile karatasi ndogo za kuwekwa mbele ya kila sahani, eti kwa sababu nimesoma na mwandiko wangu unaonekana. Kwa hiyo hii lawama inanigusa na miye. Mtaona mbele.

Tuanze na haki. Chakula kilikuwa kizuri, na kuna vitu vitatu nitakumbuka kwa muda mrefu.

Cha kwanza ni kikanda. Kwa wale hawakukulia huku kwetu: kikanda si nyama, hata kama kikikatwa kinafanana na soseji kubwa. Ni viazi vidogo vya maua ya pori, jamii ya okidi, vinavyochimbwa kwenye mabonde yenye maji. Vinaoshwa, vinaanikwa, vinatwangwa, halafu vinachanganywa na unga wa kalanga, munyu, pilipili na maji ya majivu ama magadi. Vinasongwa kama bukari mpaka vishikane. Kisha mama anafunika nyungu, anaweka makala ya moto juu ya kifuniko: moto chini, moto juu, mpaka ngozi inakuwa ya kahawia. Kile cha siku ile kilikuwa na ngozi ngumu kidogo na ndani laini. Unasikia kalanga kwanza, pilipili inachelewa, inafika wakati umekwisha kumeza. Na hakikuacha mchanga kwenye meno. Mchanga ndio mtihani wa kikanda. Kama kiazi hakikuoshwa vizuri, meno yanakuambia papo hapo.

Cha pili ni munkoyo, na hapa sifa inakuja pamoja na lawama. Munkoyo ni uji wa mahindi uliopikwa na kuachwa upoe kidogo, halafu unatiwa maji ya mzizi uliopondwa. Baada ya muda ule uji mzito unalegea, unakuwa wa kunywa, na utamu unatokea bila sukari. Wenye kusoma kemia wanajua sababu: mzizi ule una vimeng'enya vinavyokata wanga na kuufanya sukari. Bibi zetu walilijua jambo hilo bila maabara. Sasa pale Kipushi kamati iliuweka kwenye ndoo ya barafu pamoja na soda, ukawa baridi mpaka ukapoteza harufu. Nilikunywa, sikusikia kitu. Mama aliyeuleta aliniona uso, akaniita nyuma ya hema, akanimiminia mwingine kutoka kwenye kidumu chake, haukukaa kwenye barafu hata kidogo, ulikuwa umeanza kuwasha ulimi. Ule ndio munkoyo. Wageni wa mbele walikunywa maji ya barafu yenye rangi ya munkoyo, wakasema "si mbaya".

Cha tatu ni vinkubala. Vilipikwa namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa kwa nyanya, vitunguu na mafuta mengi, na hiyo ndiyo iliwekwa katikati ya meza. Namna ya pili, vilivyokaushwa na kukaangwa na munyu tu, iliwekwa pembeni kama kitu cha kuombea msamaha. Kwa maoni yangu ya pembeni ilishinda. Kinkubala kikavu kina ladha yake mwenyewe, kama uyoga na moshi pamoja, na nyanya inakifunika. Lakini aliyepanga meza alitaka wageni wasione ni kiwavi wanakula. Sasa kama unataka mtu ale kinkubala bila kukiona, umemuita kuja kuonja nini? Kwa aina nyingi, zaidi ya nusu ya uzito wa kinkubala kikavu ni protini. Mwaka 2013 FAO ilitoa kitabu kizima juu ya wadudu wa kula. Dunia inatoka mbali kujifunza kitu ambacho siye tunakificha chini ya nyanya.

Hiyo ndiyo lawama yangu ya kwanza, na ni ya chakula chenyewe: siku ile iliona haya ya kile ilichokuja kuonyesha.

Lawama ya pili ni juu ya lile neno "kuonja". Kwetu nyumbani nani anaonja? Ni mpishi. Anachota kidogo, anaweka kwenye kiganja, anaangalia kama munyu umefika. Mgeni haonji, mgeni anakula. Sasa tumechukua desturi ya watu wengine ya kupita meza kwa meza na kijiti, tukaiweka juu ya kila chakula bila kuuliza kama inakubali. Kikanda kinakubali, kwa sababu hata barabarani kinauzwa kipande kwa kipande. Vinkubala vikavu vinakubali. Bukari haikubali hata kidogo. Niliona bukari imekatwa vipande kama sabuni, kila kipande kimechomwa kijiti, na pembeni kuna tone la matamba. Bukari bila mkono, bila kufinyanga, bila mwenzako kwenye sahani moja ni unga tu. Ilikuwa imepoa, imekauka juu. Mzee mmoja wa Gécamines aliyestaafu alichukua kijiti, akakiangalia, akakirudisha. Akasema: "Hii bukari iko na ugonjwa?" Tulicheka, lakini alikuwa anasema kweli. Mngeweka meza moja ya kukaa chini, ndoo ya maji ya kunawa, bukari ya moto, lengalenga, samaki wa Kasenga, watu kumi kumi wakae wale kwa zamu. Isingeshinda ile sahani ya vijiti?

Lawama ya tatu: nyuma ya hema niliona mifuko ya unga wa bukari. Maandishi yake yote ni ya Kiingereza, umetoka ng'ambo ya mpaka, Zambia. Na samaki waliokaangwa siku ile, wengi wao walikuwa wale wa barafu wanaofika huku ndani ya makatoni kutoka bahari ya Namibia. Sasa sitaki kuwa kama wale wanaopiga kelele "chakula cha kwetu kimeuawa". Kipushi iko mpakani, unga wa Zambia umelisha mji huu na Lubumbashi kwa miaka mingi, na kila Zambia inapofunga kuuza unga nje, siye wote tunajua bei ya mfuko inavyopanda. Hata mahindi yenyewe si ya huku. Yalitoka Amerika, sawasawa na muhogo, sawasawa na kalanga iliyo ndani ya kikanda. Na mahindi yalishika Katanga hii kwa sehemu kubwa kupitia posho: Union Minière, iliyoanzishwa 1906, iliwalisha wafanyakazi wake unga wa mahindi, watu ambao wazee wao walizoea ulezi, mtama na muhogo. Bukari nyeupe tunayoita ya mababu ina mkono wa kampuni ndani yake.

Je, hiyo ni aibu? Hapana. Hiyo ndiyo habari yenyewe! Ningefurahi sana kuona meza moja yenye bukari ya mahindi, bukari ya muhogo na bukari ya ulezi, na mtu anaeleza kwa nini moja ilishinda nyingine. Aibu ni kuficha mifuko nyuma ya hema na kusimama mbele kwenye kipaza sauti kusema kila kitu hapa kimetoka kwenye udongo wetu.

Lawama ya nne ni ya ukimya. Nilimuuliza mama wa kikanda viazi alivipata wapi. Akaniambia: "Zamani tulichimbaka hapa karibu tu. Sasa banavileta toka mbali, na bei inapanda." Hakuna hotuba hata moja iliyogusa jambo hilo, na hotuba zilikuwa saba. Kuchimba kiazi cha okidi ni kung'oa mmea mzima, haurudi wenyewe kesho. Okidi zote zimo kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa pori kati ya nchi na nchi. Upande wa Zambia watu walichimba mpaka wafanyabiashara wakaanza kuvitafuta mbali, hata kule nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Vinkubala navyo vinaishi kwenye miti ya pori letu, kama vile mutondo, na mutondo unakatwa kwa ajili ya makala. Na makala hayo ndiyo yaliwekwa juu ya kifuniko cha kikanda. Mnaona namna kamba inavyojifunga yenyewe? Chakula kimoja kinapikwa kwa mti wa chakula kingine. Hapo ndipo wenye diplome za kilimo, za misitu na za uchumi wangesimama na kusema kitu. Tulikuwepo wengi. Tulikuwa tunapiga picha.

Sasa nifike kwenye karatasi zangu.

Niliandika karatasi kumi na moja, kwa Kifaransa, na nilijisikia mtu mkubwa. Vinkubala niliviita "chenilles sautées". Munkoyo niliuita "boisson traditionnelle". Kikanda nilikiita "saucisson végétal". Saa tano asubuhi mama wa kikanda alikuja kutafuta nafasi yake kwenye meza, akapita mbele ya chakula chake mara mbili bila kusimama. Kisha akanirudilia.

"Mutoto yangu, pa kikanda yangu ni wapi?"

Nikamuonyesha.

"Na hapa umeandika nini?"

"Saucisson végétal, mama."

"Njo nini ile?"

"Njo kikanda."

"Sasa juu ya nini haukuandika kikanda?"

Nikamjibu kwamba ni kwa ajili ya wageni, ili waelewe. Akageuka, akaangalia watu waliokuwa wanaingia kwenye lango, akanionyesha mmoja kwa kidevu. "Bageni ya wapi? Ule njo mutoto ya jirani yangu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Watu karibu wote waliofika siku ile ni wa Kipushi na Lubumbashi. Hakuna hata mmoja kati yao asiyejua neno kikanda. Nilichukua jina ambalo wote wanalijua, nikaweka jina ambalo mwenye chakula mwenyewe halijui, nikaita hiyo kueleza. Hivyo ndivyo tunavyofanya mara nyingi na masomo yetu, si kwenye meza ya chakula tu. Wengine wameandika kazi nzima ya mwisho wa masomo juu ya soko la mama zao, na mama zao hawawezi kusikia hata ukurasa mmoja wake.

Na kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Miye nililipwa. Kwa karatasi kumi na moja nilipewa franka 20 000 mkononi, siku ileile, kabla ya saa nane. Wamama waliambiwa kwamba pesa za kalanga, mafuta na makala zitarudishwa jioni. Jioni waliambiwa wangoje, hesabu ya lango haijaisha. Kiingilio kilikuwa franka 5 000 kwa kila mtu, na watu walikuwa wengi. Kila mama alirudi nyumbani na kitambaa kimoja na chupa moja ya soda. Yule aliyekesha akigeuza makala juu ya kifuniko mpaka alfajiri alirudi na soda, na yule aliyebadilisha jina la kikanda alirudi na noti.

Kipushi ilikaa miaka 31 bila mgodi wake kutoa kitu, tangu 1993 mpaka 2024. Katika miaka hiyo ni nani alisomesha watoto? Ni sinia kichwani na mbabula mbele ya lango. Wengi kati yetu hapa tumelipiwa minervale kwa kalanga, kwa kikanda, kwa vipimo vya ndakala. Kwa hiyo unapomchukulia mama sinia nzima na kumpa soda, si kusahau kidogo kwa kamati. Umekula shule ya mtoto wa mtu.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nilikwisha kulisikia kwa wana kamati wenyewe: ni vijana, hawana msaada, walilipa hema na vipaza sauti kutoka mifukoni mwao, na wakubwa hawaji kama hawapewi hotuba. Ni kweli, na nawaheshimu kwa kuthubutu. Mji mdogo ambao vijana wake wanakaa na kusema "tukusanye watu juu ya chakula chetu" ni mji ulio hai. Lakini tuangalie mpango wa pesa ulivyokuwa. Hema lililipwa kwanza. Vipaza sauti vililipwa kwanza. Karatasi zililipwa kwanza. Aliyewekwa mwisho ni yule ambaye bila yeye hakuna siku. Ufukara hauchagui nani atangojeshwa. Watu ndio wanachagua.

Tumezoea kusema chema chajiuza. Kule Kipushi niliona kwamba chema hakijiuzi. Kuna mama anakibeba.

Sasa kama kutakuwa mara ya pili, na naomba iwe, mambo ni machache. Wamama walipwe asubuhi, wakati wanapofika na sinia, kabla mtu wa kwanza hajashika kipaza sauti. Kila chakula kiitwe jina lake, na mwenye kukipika asimame dakika tano aeleze kwa mdomo wake, kwa Kiswahili ama Kibemba ama lugha yoyote anayoijua. Hotuba ziwe mbili, si saba. Bukari iliwe kwa mkono. Na mtu mmoja aliyesomea misitu aje na kiazi cha okidi na jani la mutondo, aseme ukweli wa mambo yalipofika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mfadhili mkubwa.

Namaliza na ile noti. Nilikaa nayo siku nane. Ya tisa nilirudi Kipushi, nikamkuta yule mama mbele ya lango lake, mbabula inawaka. Nikamwambia nimeleta ile pesa ya karatasi, aichukue, ni haki yake. Aliiangalia, hakuishika. Akaniambia: "Miye minauzishaka, hapana kuombaomba." Nikasimama pale kama mjinga. Kisha akafunua nyungu, akatoa kikanda kizima, kingali cha moto, akakifunga ndani ya majani ya ndizi, halafu kingine, na nusu ya kingine. Akahesabu, akachukua noti, akasema sasa tuko sawa.

Nilirudi Lubumbashi kwenye teksi na kikanda cha franka 20 000 juu ya magoti, gari zima linanukia. Abiria wa pembeni akaniuliza umebeba nini.

Nikamjibu: kikanda.